Panya Walevi na Harusi ya Binti Yangu

Ukirudi kwenu baada ya miaka mingi, na watu wakakuuliza ulikuwa ukifanya kazi gani huko ulikokuwa, jibu kwamba ulikuwa ofisini, kisha nyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilisema nilikuwa nikitunza panya, na tangu siku hiyo sikupata raha.

Kazi yenyewe niliipata kule kusini mwa nchi yetu, katika maabara ya chuo kimoja, baada ya mume wangu, ambaye ni makanika, kuhamishiwa huko. Niliingia kama mfagiaji. Mwaka uliofuata wakanipa ufunguo wa chumba cha panya, kwa sababu aliyekuwa nao kabla yangu aliwaogopa. Hawakuwa panya hawa wetu wa darini wanaotafuna mahindi ya watu. Walikuwa weupe, macho mekundu, wamezaliwa ndani ya vizimba na wazazi wao vilevile. Kila kizimba kilikuwa na chupa mbili, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yaliyotiwa spiriti. Kila asubuhi nilizitoa, nikazipima kwenye mizani, nikaandika nani kanywa nini. Kulikuwa na ukoo wa panya wanaoipenda ile chupa ya spiriti, waliozalishwa mlevi kwa mlevi, kizazi baada ya kizazi, na ukoo mwingine usioitaka hata kuinusa. Mtaalamu wetu, bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, alitaka kujua neno moja tu: mtoto wa mlevi anakunywa kwa sababu ya mbegu aliyozaliwa nayo, au kwa sababu ya mama aliyemlea?

Basi tukawa tunabadilisha watoto. Siku ya kwanza au ya pili, wakiwa bado wekundu na macho yamefumba, niliwatoa kwa mama mlevi nikawaweka kwa mama asiyekunywa, na wa huyu nikawapeleka kwa yule. Kabla ya kuwaweka niliwasugua kidogo kwa vumbi la mbao lililotoka katika kiota cha mama mpya, ili asisikie harufu ya kigeni akawauma. Kazi hiyo niliiweza. Ni mama wachache sana waliomkataa mtoto niliyempeleka mimi. Halafu nilikaa na daftari nikawatazama: yupo mama anayewaramba watoto mmoja mmoja mpaka wanang'aa, na yupo anayewakalia kama gunia.

Nilimuuliza yule bwana mara nyingi, mbegu au malezi? Alivua miwani, akaifuta, akasema kwa Kireno, "Depende." Inategemea. Inategemea ni mtoto yupi, amehamishwa lini, mama ni wa namna gani, na mtoto mwenyewe ameachwa peke yake kwa muda gani. Miaka tisa niliyokaa pale jibu lilikuwa hilo hilo. Mtu amesoma mpaka nywele zimemtoka, unamuuliza swali moja, anakwambia inategemea. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimenuna, na mume wangu akijua kabla sijavua viatu.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Nyumbani kulikuwa na binti. Ndugu yangu wa pekee, mdogo wangu kwa miaka minne, ni mgema kule Kionga, anagema tembo la mnazi kama baba yetu alivyogema. Baba alikuwa akiliuza likiwa bado tamu, asubuhi, kwa wanawake wanaoumulia vitumbua, na la jioni, lililokwisha kuwa kali, aliwauzia watu wengine bila yeye kulionja. Mdogo wangu alilionja. Mkewe alipofariki siku chache baada ya kujifungua, mimi nilikuwa nimemzika mwanangu mchanga wiki tatu nyuma na maziwa yalikuwa hayajakauka. Yule mtoto akawa wangu kabla hajatimiza arobaini. Nilimnyonyesha, nikamfundisha kusema mama, nikaenda naye kusini, na akakua bila kuwa na mama mwingine.

Tulirudi kwetu Palma miaka ile makampuni yalipokuja kuchimba gesi. Mume wangu alipata kazi ya kutengeneza magari katika kampu mojawapo, kambi za wafanyakazi wa gesi, na mji wetu mdogo wa ghuba ya Tungue ukawa haujitambui. Helikopta zilipita juu ya makuti yetu mpaka kuku wakazizoea. Wageni wenye kofia ngumu walijaa nyumba za kulala wageni, na samaki wazuri walinunuliwa ufukweni kabla sisi hatujajua wamevuliwa. Kando ya barabara vibanda vya bia viliota kama uyoga. Vijana waliopata ajira walishika mshahara kwa mara ya kwanza, na si wote walioijua njia ya kufika nao nyumbani. Kila mama mwenye mtoto wa kiume au wa kike wa kuoza alikuwa na hofu moja: nani ataangukia kwenye chupa na nani atapona. Kwa hiyo mambo yangu ya panya yaliangukia kwenye masikio yaliyokuwa wazi.

Ilikuwa siku ya hitima ya jirani yetu. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano uani, tunachambua mchele. Mmoja akaniuliza kwa utani kama ni kweli nililipwa kuwapikia panya. Nikajibu kwamba sikuwapikia, niliwapa pombe. Wakacheka, nikacheka, nikanogewa. Nikawaeleza ukoo wa walevi na ukoo wa wasiokunywa, jinsi mtoto wa mlevi anavyoiendea ile chupa hata kabla hajaonyeshwa na mtu. Nilikuwa nimefika hapo tu, naandaa mdomo niwaeleze sehemu ya pili, ya kubadilisha watoto na mama wanaoramba, ndipo sufuria la mchuzi likafurika jikoni. Tukakimbia wote. Lilipotulia, watu walikuwa wameshaanza kusoma, na hadithi yangu ikabaki nusu.

Nusu hiyo ikatembea mji mzima. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa hakikuwa changu peke yake. Wakati huohuo binti yangu alikuwa ameposwa. Kijana alikuwa mzuri, mwendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye kampuni, mtu wa swala, anayezungumza taratibu utadhani analipia maneno. Baba yake alishapokea jibu letu la kukubali. Siku ya nne baada ya hitima, shangazi yake kijana akaja kwangu, akiwa amevaa buibui jipya na uso wa mtu aliyetumwa na ukoo mzima.

Hakutaka chai. Alikaa, akapangusa mkeka kwa kiganja, akasema, "Mwenzangu, nimekuja kwa heshima. Tumesikia baba mzazi wa binti ni mlevi wa kule Kionga."

"Hilo mlilijua tangu posa," nikasema. "Sikuficha."

"Tulilijua. Lakini tulidhani ni tabia ya mtu. Sasa tunasikia wewe mwenyewe, uliyesoma mambo hayo, umesema ni mbegu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema mtoto wa panya mlevi anakwenda kwenye chupa mwenyewe. Watu kumi na tano wamekusikia."

Nikavuta pumzi. Nikamweleza nusu ya pili, pole pole, kama unavyomlisha mgonjwa. Nikamwambia tulivyokuwa tukiwahamisha. Nikamwambia watoto wa walevi waliolelewa na mama mwangalifu, wengine walipunguza, wengine walikunywa vilevile. Na wale wa ukoo usiokunywa, walioachwa peke yao kwenye baridi wakiwa wachanga, baadhi yao waliipenda chupa kuliko walivyotarajiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo jibu ni lipi? Mbegu au malezi?"

Nikajisikia nasema, "Inategemea."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokifuata. Nikapandisha sauti, nikamwambia damu hiyo anayoiogopa ninayo na mimi, baba yetu mmoja, mama yetu mmoja, je, amewahi kuniona nimelewa? Akasema hapana, lakini kwamba mimi ni mwanamke mkali, na ukali nao ni ulevi wake. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Nimelikasirikia mpaka leo.

Halafu akauliza swali lililoharibu kila kitu. "Huyo baba alikaa na mtoto muda gani kabla hujamchukua?"

"Hata siku moja ya maana," nikamwambia. "Nilimnyang'anya. Nilimkuta amelala chini ya mnazi ananuka tembo, mtoto analia, nikambeba nikaondoka naye."

Hapo shangazi akalainika kidogo. Akasema kama mtoto hakumwona baba yake akinywa, labda. Akasema atazungumza na wakubwa. Akaondoka, na hata chai akainywa kidogo akiwa amesimama.

Lazima niseme sasa kwamba hadithi hiyo ya kumnyang'anya ni uongo. Nimeisimulia kwa miaka kumi na tisa, kwa majirani wa hapa na wa kusini, kwa walimu, kwa binti mwenyewe alipofika umri wa kuuliza. Ukweli ni kwamba mdogo wangu alikuja mwenyewe. Alitembea kwa miguu kutoka Kionga mpaka Palma, mtoto kamfunga kifuani kwa kanga ya marehemu. Alikuwa ameoga, amenyoa ndevu, hanuki chochote. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, huyu kwangu hatakua vizuri. Mimi najijua." Mimi nilimtukana kwa kuchelewa, nikampokea mtoto, nikafunga mlango. Mwanzoni nilisimulia vingine kwa sababu nilikuwa na hasira naye. Baadaye ikawa nimezoea. Kule maabara ni sisi tuliowahamisha watoto kwa mikono yetu. Sikuwahi kumwona panya mlevi akimbeba wake mwenyewe kumpeleka kizimba cha jirani. Jambo hilo nililifikiria mara moja tu, nikiwa nafagia, nikaliacha nikaendelea kufagia.

Binti yangu alisikia yote ya shangazi kutoka chumbani. Nilitegemea atalia, nimbembeleze. Alitoka amekunja mikono.

"Mama, unamkasirikia bure yule," akasema. "Anachosema yeye ndicho unachoamini wewe."

"Mimi nakutetea, wewe unanigeukia?"

"Nikitoka shule ulikuwa ukininusa mdomo. Kila siku. Ulijifanya unanibusu. Vitumbua vya watu vilivyoumuliwa kwa tembo ulinikataza, wenzangu wote wanakula. Nikichelewa kwa rafiki zangu ulikuwa unatazama macho yangu kwanza, ndiyo unaniuliza habari. Ulidhani sijui unanipima?"

"Hayo ni malezi."

"Ni malezi ya mama, au ya yule wa chumba cha panya?"

Nilikwenda nyuma nikaosha sufuria lililokuwa limeshaoshwa. Mume wangu, aliyekuwa chini ya gari la mtu uani muda wote huo, akatoa kichwa akasema, "Mke wangu, wale panya hukuwaacha kule." Nikamwambia arudi chini ya gari. Nilikuwa nimeudhika na kila mtu: na shangazi kwa kuniamini, na binti kwa kunijua, na yule mtaalamu mwenye miwani kwa kutonipa jibu nilirushe usoni mwa watu.

Na bado. Wakubwa wa upande wa kijana wakakubali, kwa sharti moja: wamwone baba mzazi. Nikaenda kwa shekhe kumwomba aoze yeye, tuepuke aibu. Shekhe alikuwa mtu mzima mwenye huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Mama, umelea, Mungu akulipe," akasema. "Lakini kumtoa binti ni haki ya baba, na baba yu hai."

"Shekhe, baba huyo ni mlevi."

"Akija amelewa, simkubali, nitaoza mimi. Akija mtu safi, ametubu, nitamkalisha mahali pake. Na upande wa pili wameshaniambia: binti akiozwa na shekhe wakati baba yake yuko Kionga, watahesabu kuwa yale waliyoyasikia ni kweli."

Sasa hebu nisikilizwe na mimi. Nimenyonyesha. Nimekesha na surua, na malaria, na mitihani ya Kireno. Nimesuka nywele kwa miaka kumi na tisa. Halafu inafika siku ya kumtoa, mwenye haki ni mtu ambaye hajui hata kama mtoto anakula pilipili. Nilimwambia shekhe maneno hayo kama yalivyo. Akainamisha kichwa akasema ananielewa. Kueleweka nilikokupata siku hiyo sikukuomba.

Siku tano kabla ya nikahi nilipanda pikipiki ya kukodi nikaenda Kionga. Nilimkuta mdogo wangu juu ya mnazi. Alikuwa ameshika kisu, anakata ncha ya karara, lile ua la mnazi lililofumba, ili tembo lidondoke upya kwenye kibuyu. Nilisimama chini jua likiniwakia.

"Shuka," nikasema.

"Ni dada huyo? Subiri, imebaki minazi miwili."

"Nimesema shuka."

"Nikishuka nitakunywa, dada. Nikiwa huku juu sinywi. Atakayepanda amelewa atashuka mara moja tu."

"Basi kaa huko huko siku tano."

Akacheka, na mnazi ukatikisika naye. Aliposhuka niliona alivyokonda, na miguu yake ilivyopinda kwa kupanda. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye dini ndani yake, na marehemu wazazi, na mkewe, na aibu ya ukoo. Nilipofika kwenye sentensi ya pili akasema, "Nitakuja." Nikaendelea. Akasema tena, "Dada, nimesema nitakuja. Twende sasa, maana jioni nitakuwa mtu mwingine." Inaudhi kumshinda mtu kabla hujamaliza kumgombeza. Alinawa, akachukua kanzu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa mchele, akampa jirani vibuyu vyake, akapanda nyuma yangu kwenye pikipiki.

Siku zile alizokaa kwangu sitaki kuzieleza zote. Siku ya pili alianza kutetemeka, shuka ikalowa, akatapika hata maji. Nilizijua dalili. Tulipokuwa tukiondoa ile chupa kwa wale walioizoea, walitetemeka hivyohivyo ndani ya vizimba, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Muuguzi wa hospitali, aliyeishi mtaa wa nyuma, alikuja kumtazama mara mbili, akanikanya kwamba kumkatia mlevi pombe ghafla kunaweza kumuua. Akaacha dawa, akaniambia nisimwache peke yake. Nikampa uji wenye sukari, nikampa madafu, nikamgombeza kila kijiko. Ng'ambo ya barabara kibanda cha bia kilipiga muziki tangu mchana, vijana wa kampu wanaingia na kutoka. Yeye aligeuza kiti, akakaa ameipa barabara mgongo.

Kila mara niliporudi kutoka sokoni nilimkuta hapohapo. Na kila mara alifungua mdomo kabla sijasema neno. "Nusa basi, dada." Na mimi, Mungu anisamehe, nilinusa.

Binti alimpelekea chakula. Hawakuwa na mazungumzo. Alimwita baba, naye aliitika kama mtu anayeitwa kwa jina la jirani. Siku ya nne nilimsikia binti akimuuliza kama mama yake aliyemzaa alikuwa mrefu. Akajibu kwamba alikuwa mfupi, na mcheshi, na alipenda kula ndimu na chumvi. Binti akakaa chini pale mlangoni. Niliwaacha, ingawa nilikuwa na kazi ya kumpa.

Nikahi ilikuwa baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwangu. Wanaume walikaa barazani kwenye mikeka. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na binti chumba cha pili na hina yake. Shangazi yake kijana alikaa ubavuni mwangu, tumegusana mabega. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona mdogo wangu katika ile kanzu, imekunjamana lakini nyeupe. Alikuwa ameificha mikono yake mapajani.

Shekhe alimuuliza kama ametubu. Akasema ametubu. Akamuuliza kama leo ameonja chochote. Akasema hajaonja kwa siku tano. Hapo ingetosha. Lakini shangazi akapenyeza maneno kwa kaka yake kupitia pazia, na baba wa kijana akakohoa, akasema kwa adabu kubwa, "Ndugu, utuwie radhi. Wanawake wetu wanauliza. Huyu mtoto alikaa kwako muda gani? Na aliondokaje kwako?"

Ikiwa atasema kweli, kwamba alikaa naye siku zote zile, akampakata, akamwogesha, akamleta kwa miguu yake, basi mimi ni mwongo mbele ya ukoo mzima wa kijana. Na mwongo katika jambo moja la mtoto amedanganya katika yote. Posa ingevunjika pale, hina ikiwa mbichi. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba yeye pia anajua, kwa sababu mji ni mdogo na hadithi yangu ilishafika Kionga zamani.

Alitazama mikono yake. Halafu akatazama pazia, si mimi, pazia tu.

"Hakukaa," akasema. "Dada yangu alininyang'anya. Nilikuwa nimelewa, nimelala chini ya mnazi. Sikuwa na akili ya kumpeleka mtoto mahali popote. Angechelewa yeye, mtoto angekufa."

Barazani mtu mmoja akamsukumia mwenzake tasbihi. Shangazi akashusha pumzi, akanipiga paja taratibu. "Mungu akulipe, mwenzangu," akaninong'oneza. "Ulimwokoa." Kutoka chumba cha pili nilisikia bangili za binti zikigonga ukuta, maana katika chumba kile husikika kila kitu.

Shekhe akauchukua mkono wa mdogo wangu, akauweka katika mkono wa kijana. Ulikuwa unatetemeka hadharani, wote wanauona. Kijana akauongeza mkono wake wa pili juu, akaushikilia mpaka ukatulia kidogo. Mdogo wangu akayasema maneno yote ya kumuoza binti yake, neno kwa neno, bila kujikwaa. Sikujua anayajua. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga.

Hakungoja chakula. Alimpa kijana mkono, akampa shekhe mkono, akavaa ndala zake, akashika njia ya Kionga. Nilimwona kwenye upenyo akikipita kile kibanda cha bia bila kugeuka, na nilijua si kwa sababu ya toba. Alikuwa na vibuyu vyake vinavyomngoja. Shangazi naye alimwona.

"Mlevi hana haya," akasema. "Hata wali wa mwanawe hakuungoja. Afadhali ulimnyang'anya."

Wanawake wote wakanigeukia, wanangoja niongeze la kwangu, kwa sababu mimi huwa sikosi la kuongeza. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, ameinua mikono yenye hina isiguse kitu, ananitazama. Nilisema wali umeiva, nikaenda kupakua.